Bio-Chimie hapa Bukavu: mahali pointi za biolojia zinapopotelea

Finalisti wengi wa Bio-Chimie (wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanaosomea biolojia na kemia), wawe wa komuni ya Kadutu, Ibanda au Bagira, wanasoma biolojia kama wanavyosoma historia. Wanafungua kaye (daftari), wanakariri ukurasa, wanageuza. Siku ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, itemu (swali la mtihani) haiulizi ukurasa. Inakupa wazazi wawili wazima wenye mtoto SS, yaani mgonjwa wa drepanositozi (selimundu), na kukuuliza uwezekano wa mtoto anayefuata. Inakupa uzi wa ADN (DNA) na kukuuliza protini yake. Inakupa seli yenye 2n = 8 (kromosomu nane, jozi nne) na kukuuliza ina kromatidi ngapi kwenye anafazi ya kwanza ya meiozi, mgawanyiko unaotoa seli za uzazi. Aliyekariri peke yake anabahatisha. Biolojia ya mwaka wa mwisho inasomwa biki ikiwa mkononi: unachora, unahesabu, unahakiki.

Mgawanyiko wa seli

Tuanze hapa, kwa sababu asiyeelewa meiozi hataelewa jenetiki, hata akeshe.

Chukua karatasi safi na biki mbili, ya buluu na nyekundu. Chora seli yenye 2n = 4: kromosomu mbili ndefu na mbili fupi. Ndefu moja na fupi moja ziwe za buluu, hizo zimetoka kwa baba; nyingine mbili nyekundu, za mama. Ndefu ya buluu na ndefu nyekundu ni homologi, yaani wenza wa jozi moja, na fupi vilevile. Sasa ADN ijirudufu: kila kromosomu inakuwa na kromatidi mbili zilizoshikana kwenye sentromeri. Kromosomu ni ngapi? Bado ni 4. Hesabu sentromeri, usihesabu mikono. Kromatidi ndizo zimekuwa 8.

Kwenye mitozi, mgawanyiko wa kawaida wa seli za mwili, kazi ni nyepesi. Metafazi, kromosomu 4 zinajipanga katikati kwa mstari mmoja. Anafazi, sentromeri zinapasuka, kila kromatidi inakuwa kromosomu kamili, na kwa muda mfupi seli nzima ina kromosomu 8, yaani 4 kila upande. Mwishoni unapata seli mbili zenye 4 kila moja.

Meiozi ichore polepole. Profazi ya kwanza, homologi zinakaa ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande; onyesha ncha ya buluu ikiwa imehamia kwenye nyekundu, na nyekundu kwenye buluu. Metafazi ya kwanza zinakaa jozi kwa jozi. Anafazi ya kwanza, angalia vizuri: sentromeri hazipasuki. Kinachoachana ni homologi. Kila upande unapata kromosomu 2, na kila moja bado ina kromatidi mbili. Idadi imeshuka kutoka 2n hadi n hapo hapo, kwenye mgawanyiko wa kwanza. Mgawanyiko wa pili unafanana na mitozi: sentromeri zinapasuka, na unabaki na seli nne, kila moja na kromosomu 2 zenye kromatidi moja moja.

Wengi wanajibu kwamba nusu inatokea kwenye mgawanyiko wa pili, kwa sababu wanachanganya idadi ya kromosomu na kiasi cha ADN. Fuata hesabu ya binadamu. Kabla ya ADN kujirudufu, seli ina kromosomu 46 na ADN tuiite 2q. Baada ya kujirudufu, kromosomu ni 46, kromatidi 92, ADN 4q. Baada ya mgawanyiko wa kwanza, kila seli ina kromosomu 23, kromatidi 46, ADN 2q. Baada ya wa pili, kromosomu 23, kromatidi 23, ADN q. Kiasi cha ADN kinagawanywa mara mbili, idadi ya kromosomu mara moja tu. Seli iliyotoka kwenye mgawanyiko wa kwanza ina 2q sawasawa na seli ya kawaida ya mwili, lakini yenyewe ni n. Watunga itemu wanapenda sana kona hiyo. Na ile seli ya 2n = 8 kwenye anafazi ya kwanza: kromatidi 16 kwa jumla, 8 kila upande.

Ukishaweza kuchora yote haya bila kutazama kaye, jipime kwa mgomba. Ndizi nyingi tunazolima Kivu, za kupika na za kasiksi (pombe ya ndizi), zina seti tatu za kromosomu 11, jumla 33. Kwa nini tunda halina mbegu? Jaribu kuzipanga jozi kwa jozi: kila kromosomu ina wenzake wawili, homologi tatu hazigawanyiki sawa kwa pande mbili, na gameti (seli za uzazi) nyingi zinatoka na hesabu mbovu. Ndiyo maana mgomba unapandwa kwa chipukizi. Chipukizi linatokana na mitozi, kwa hiyo shamba zima linaweza kuwa na jeni zilezile, na ugonjwa unaouweza mgomba mmoja unaiweza yote. Finalisti anayeeleza jambo hili kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, ameelewa meiozi.

Jenetiki: usiruke hatua

Anayekosa jenetiki kwa kawaida anaijua kanuni. Kinachomwangusha ni kukimbilia jedwali kabla hajaandika jenotipi za wazazi, yaani aleli (matoleo ya jeni) walizo nazo. Andika kwanza fenotipi (sifa zinazoonekana) ulizopewa. Tafuta aleli dominanti, ile inayoificha nyingine: wazazi wawili wasio na ugonjwa wakizaa mtoto mgonjwa, aleli ya ugonjwa ni resesifu (inayofichwa), na kama jeni haiko kwenye kromosomu X, ya jinsia, wazazi wote wawili ni heterozigoti, yaani wana aleli mbili tofauti. Kisha uliza kama jeni iko kwenye X. Binti mgonjwa akiwa na baba mzima, ugonjwa resesifu wa X umeondoka, kwa sababu binti angepokea X ya baba, na baba ana moja tu, ambayo ni nzima. Baada ya hapo andika gameti za kila mzazi na uzizungushie duara. Jedwali linakuja mwisho.

Drepanositozi inatosha kufundisha nusu ya sura. Wazazi wawili AS, wenye aleli moja nzima A na moja ya ugonjwa S: robo ya watoto wanatarajiwa kuwa AA, nusu AS, robo SS. Itemu nzuri haiishii hapo. Ikisema "mtoto wao hana ugonjwa, kuna uwezekano gani kwamba ni AS?", jibu si 1/2. Ukishaambiwa hana ugonjwa, SS imeondoka. Zimebaki sehemu tatu, na mbili kati yake ni AS. Jibu ni 2/3. Wengi sana wanaziacha pointi hapa.

Kosa jingine ni imani kwamba wazazi hao wakizaa wanne, mmoja lazima awe SS. Kila mimba inaanza hesabu yake upya. Uwezekano wa watoto wanne wote kukosa ugonjwa ni 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4, yaani 81/256. Kwa hiyo uwezekano wa kupata angalau mmoja SS ni 175/256, karibu 68 kwa mia. Ukiona maneno "angalau mmoja" kwenye swali, hesabu kinyume chake kwanza, kisha utoe kwenye 1. Ni njia fupi na haina makosa mengi.

Makundi ya damu yanakupa mazoezi ya jeni mbili kwa pamoja. Mama wa kundi A Rh+, baba B Rh+, mtoto wa kwanza O Rh-. Mtoto anakuambia kila kitu: mama ni AO, baba ni BO, na wote ni Dd (D inaleta Rh+, d ni resesifu). Uwezekano wa O ni 1/4, wa Rh- ni 1/4. Wa O Rh- ni 1/16. Wa AB Rh+ ni 1/4 × 3/4, yaani 3/16. Hukuhitaji jedwali la visanduku 16. Jedwali hilo linakula dakika na kisanduku kimoja kikikosewa jibu lote limepotea. Zidisha jeni moja moja.

Lakini kuzidisha hivyo kunafaa tu jeni zikiwa hazijafungamana, yaani haziko karibu kwenye kromosomu moja. Hapa rudi kwa nzi wa Thomas Hunt Morgan, mtafiti wa jenetiki. Yeye na wenzake walizalisha jike heterozigoti kwa rangi ya mwili na kwa mabawa, na dume resesifu kwa zote mbili. Kama jeni zingekuwa huru, aina nne za watoto zingekuwa karibu sawa. Walipata 965 na 944 waliofanana na wazazi, 206 na 185 waliochanganyika. Jumla 2300. Waliochanganyika ni 391, na 391 gawanya kwa 2300 ni 0,17. Jeni ziko kwenye kromosomu moja, umbali wa sentimogani 17 (moja ni mtoto mmoja aliyechanganyika kwa kila mia). Fanya hesabu hii kwa mkono mpaka iwe nyepesi, na ukumbuke mtego wake: dume wa nzi huyu habadilishani vipande vya kromosomu. Wakigeuza, heterozigoti awe dume, utaona aina mbili tu za watoto, nusu kwa nusu. Swali likitaja aina mbili tu badala ya nne, angalia jinsia ya mzazi kabla ya kusema chochote.

Kutoka ADN hadi protini

Kabla ya kuandika herufi hata moja, uliza uzi uliopewa ni upi. Kama ni ule unaonakiliwa, ARN mjumbe (mRNA, nakala inayosomwa kutengeneza protini) ni kinyume chake: A inakuwa U, T inakuwa A, G inakuwa C, C inakuwa G. Kama ni uzi mwenzake, ARN inafanana nao, isipokuwa T inakuwa U. Ukikosea hapo, yote yanayofuata ni makosa hata kama umeyafanya kwa ustadi. Andika 3' na 5', ncha mbili za uzi, kila mara.

Mfano wa kushika ni ule ule wa drepanositozi. Kwenye kodoni (herufi tatu zinazosomwa pamoja) ya sita ya betaglobini, sehemu ya hemoglobini, uzi unaonakiliwa una CTC. ARN mjumbe inakuwa GAG, asidi glutamiki. Herufi ya katikati ikibadilika, CTC ikawa CAC, ARN inakuwa GUG, nayo inaleta valini. Herufi moja tu. Valini haipendi maji; hemoglobini zikikosa oksijeni zinashikana na kuwa nyuzi ndefu, chembe nyekundu ya damu inajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ukiweza kupanda ngazi hiyo yote, kutoka herufi hadi maumivu ya mgonjwa, itemu tano tofauti zimejibiwa kwa somo moja.

Hesabu za urefu nazo zinaangusha. Mnyororo wa betaglobini uliokamilika una asidi amino 146. Sehemu inayosomwa ya ARN yake ina nyukleotidi (herufi) ngapi? Ukisema 146 × 3 = 438, umesahau mbili: metionini ya kuanzia, ambayo hukatwa baadaye, na kodoni ya kusimama, ambayo haileti asidi amino yoyote. Ni kodoni 148, nyukleotidi 444. Soma swali kama linataja metionini kuondolewa au la.

Kuhusu kanuni ya Chargaff (A ni sawa na T, G ni sawa na C), fanya mfano mmoja vizuri. ADN ya jozi 1000, A ni 30 kwa mia. Nyukleotidi zote ni 2000, hivyo A 600, T 600, G 400, C 400. Vifungo vya hidrojeni: jozi 600 za A na T zina viwili viwili, jozi 400 za G na C vitatu vitatu, 1200 na 1200, jumla 2400. Ukipewa asilimia ambazo A haitoshani na T, usilazimishe. Huo ni uzi mmoja tu.

Jaribio la nyumbani

Shule nyingi hazina darubini ya kutosha darasa zima, na hilo linaumiza, kwa sababu mwanafunzi anaishia kuamini ADN ni mchoro. Inawezekana kuitoa kwenye ndizi mbivu kwa vitu vya jikoni. Ponda nusu ya ndizi laini kabisa. Kwenye mililita 100 za maji safi koroga kijiko kidogo cha chumvi na vijiko viwili vidogo vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, taratibu bila kutoa povu. Changanya na ndizi, acha dakika 10, chuja kwa kitambaa safi. Mimina maji uliyochuja kwenye glasi nyembamba hadi sentimita tatu hivi, kisha ongeza alkoli ya farmasi ya 90°, iliyo baridi sana, kiasi kile kile, ikiteremka polepole kwenye ukuta wa glasi ili ikae juu. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe zinatokea pale alkoli inapokutana na maji. Zizungushe kwenye kijiti.

Sabuni imevunja utando wa seli na wa kiini, ambao ni wa mafuta. Chumvi imetuliza chaji hasi za ADN ili nyuzi zikaribiane. ADN haiyeyuki kwenye alkoli, kwa hiyo inajitenga. Usipoona kitu, mara nyingi alkoli ilikuwa na joto, au ilimiminwa kwa haraka ikachanganyika, au ndizi haikupondwa vya kutosha. Fanyeni mbali na mbabula na mshumaa. Alkoli inashika moto upesi. Na ile lundo nyeupe si ADN tupu, ina protini pia.

Sehemu nyingine

Fiziolojia inahitaji mipango michache iliyoeleweka vizuri. Kwenye neva: utando ukiwa umetulia ni kama milivolti -70, sodiamu inaingia ndipo chaji inageuka, potasiamu inatoka ndipo inarudi. Kwenye mzunguko wa hedhi, ovulesheni (yai kutoka kwenye ovari) haitokei siku ya 14 kwa kila mwanamke; kwa mtihani, toa 14 kwenye urefu wa mzunguko. Mzunguko wa siku 28 unatoa siku ya 14, wa siku 35 unatoa siku ya 21. Kwenye kinga, jua tu nani anatengeneza antibodi, nani anaua seli iliyoambukizwa, na nani anaamuru wote wawili. VVU inamshambulia huyo wa tatu.

Ekolojia tuna bahati, ziwa liko mbele ya macho. Sambaza, Limnothrissa miodon, waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wanakula hasa zuplanktoni (vijinyama vidogo sana vya majini). Chora mnyororo kutoka mwani hadi mvuvi. Kisha ueleze kwa nini samaki hawaishi kilindini: chini ya mita 60 hivi maji hayachanganyiki na ya juu na hayana oksijeni, na huko arkea, vijidudu vinavyofanana na bakteria, wanatengeneza methani. Hapo una itemu za mnyororo wa chakula, za upumuaji bila oksijeni na za spishi iliyoletwa.

Kupanga kazi

Saa moja kwa siku ya biolojia inatosha kama ni saa ya kweli. Dakika 20 za kwanza funga kaye, chora au andika mada moja kutoka kichwani, kisha fungua na usahihishe kwa biki nyekundu. Dakika 30 fanya itemu za miaka iliyopita, majibu yakiwa yamefunikwa. Dakika 10 za mwisho andika makosa kwenye kaye ya pembeni: swali, jibu ulilotoa, na sababu iliyokudanganya. Sababu ndiyo muhimu. "Nilikosea" haisaidii, "nilihesabu kromatidi badala ya kromosomu" inasaidia. Umeme ukikatika jioni, kazi ya kuchora na kuhesabu ifanywe mchana, na usiku yabaki yale yanayoelezwa kwa mdomo.

Itemu za zamani usizikariri kwa namba ya jibu. Kwa kila moja, eleza kwa nini majibu mengine si sahihi, na ni swali lipi ambalo jibu hilo lingekuwa sahihi. Itemu 10 kwa namna hiyo zinazidi 60 za kupitia kwa macho. Kikundi kisizidi watu wanne. Mmoja anaeleza kwa Kiswahili, wengine wanamkatiza na kuuliza "kwa nini?", lakini maneno ya somo yabaki kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo yatakayokuwa kwenye karatasi. Na mnaponakili kaye ya rafiki, linganisheni na kaye nyingine; kosa moja la michoro linaweza kuzunguka darasa zima mpaka Juni.

Kila mwaka wapo wanaouza "itemu za kesho" kwenye simu. Msinunue. Hata zingekuwa za kweli ni udanganyifu, na aliyekesha akikariri namba anaingia ukumbini na usingizi, asiyeweza hata kusoma swali lililo mbele yake.

Ukiwa ukumbini, pigia mstari maneno ya kukanusha: "sauf" (isipokuwa), "faux" (si kweli), "n'est pas" (si). Anza na itemu za moja kwa moja, kisha zile za mchoro, jenetiki zije baadaye, na hesabu zake uziandike kwa mpangilio ule ule uliozoea nyumbani: fenotipi, jenotipi, gameti. Itemu kadhaa zikitegemea maelezo ya juu yake, soma maelezo hayo mara mbili kabla ya itemu ya kwanza. Ukikosa jenotipi ya wazazi hapo, zote zinaanguka pamoja. Jibu ulilolipata kwa hesabu usilibadilishe mpaka uwe umeona kosa lenyewe kwa macho. Hamisha majibu kwenye karatasi ya majibu kila ukimaliza ukurasa, kidole kikiwa kwenye namba ya itemu, kwa sababu ukiruka namba moja, zote zilizobaki zinahama nayo.